Rejea ya mkataba wa biashara inapogoma: dalili, chanzo na marekebisho

Wakili wa upande wa pili hasomi tanbihi zako kwa mapenzi. Anazisoma akitafuta moja isiyofungua mlango, na akiipata, hoja nzima iliyosimama juu yake inaanza kuyumba mbele ya jaji.

Mtu akiambiwa rejea zake zina kasoro, mara nyingi anafikiria mkato uliokosekana au herufi za mlazo zilizosahaulika. Hayo ni madogo, karani makini anayamaliza jioni moja. Kasoro zinazoangusha hoja za biashara ya kimataifa ni kutaja hati ambayo siyo uliyoisoma, toleo ambalo lilikuwa bado halijaanza kutumika, au ripoti ambayo haikupitishwa kamwe. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, yaani kile unachokiona au unacholalamikiwa, ndipo tunarudi kwenye chanzo. Mifano mingi ni ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana hizo ndizo hati zinazotua mezani kwa wanaoshughulika na kodi na forodha huku kwetu.

Namba ya ukurasa inatua kwenye hati nyingine

Umeandika 1867 UNTS 3 kwa Mkataba wa Marrakesh ulioanzisha WTO. Mwenzako ameandika 1867 UNTS 154. Msimamizi wako anauliza nani kakosea.

Mkusanyo wa Mikataba wa Umoja wa Mataifa, UNTS, huchapisha kila kilichosajiliwa kwa pamoja kama fungu moja. Matokeo ya Duru ya Uruguay, yaani mazungumzo yaliyozaa WTO, yalisajiliwa kwa namba moja, 31874, na fungu hilo linaanza ukurasa wa 3 wa juzuu ya 1867. Matini ya Kiingereza ya Mkataba wa Marrakesh wenyewe inaanza ukurasa wa 154. Anayetaja 3 anakupeleka getini, anayetaja 154 anakupeleka chumbani. Unapozungumzia mkataba mahususi, taja unapoanzia huo mkataba: Marrakesh 1867 UNTS 154, Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa 1994 (GATT 1994) kwenye 1867 UNTS 187, mkataba wa huduma (GATS) 1869 UNTS 183, ule wa haki miliki (TRIPS) 1869 UNTS 299, na Makubaliano ya Utatuzi wa Migogoro (DSU) 1869 UNTS 401. Angalia kwamba juzuu inabadilika katikati. Wengi hunakili 1867 kwa viambatisho vyote, wanaishia kumtuma msomaji wa TRIPS kwenye juzuu isiyo yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa GATT ya 1947: 55 UNTS 187 ndipo fungu linapoanza, 194 ndipo mkataba unapoanza.

Ipo pia kasoro ya kuchukua namba ya usajili ukaifanya juzuu. Ukiona "31874 UNTS", mwandishi amenakili kutoka kwenye tovuti ya usajili bila kufungua kitabu. Namba ya kwanza ni juzuu, ya mwisho ni ukurasa, na namba ya usajili haina nafasi hapo katikati.

Umetaja GATT, unaulizwa ipi

Swali hili linaudhi, lakini ni halali. GATT ya tarehe 30 Oktoba 1947 na GATT ya 1994 ni mikataba miwili mbele ya sheria, na Ibara ya II:4 ya Mkataba wa Marrakesh inasema hivyo waziwazi. Maneno ya ibara nyingi ni yale yale kwa sababu GATT 1994 iliyabeba masharti ya 1947 ndani yake, ikaongeza maafikiano na maamuzi mengine. Ndiyo maana mtu anaweza kuisoma Ibara ya XX, ile ya misamaha ya jumla, kwenye nakala ya 1947, asione tofauti, akaitaja kwa mgogoro wa mwaka 2015. Wajibu aliokuwa anaudai unatoka kwenye hati nyingine kabisa.

Kanuni ya kazi ni rahisi. Kama tukio au shauri ni la baada ya 1 Januari 1995, unataja GATT 1994, Kiambatisho 1A cha Mkataba wa Marrakesh. Kama unaandika historia, au unajadili ripoti za majopo ya zamani, unataja GATT 1947. Kwenye tanbihi ya kwanza weka jina kamili na kifupi chake, halafu usikibadilishe. Andiko linaloanza na "GATT 1994", likahamia "GATT" na kumalizia na "Mkataba wa Jumla" linamlazimisha msomaji kukisia mara tatu.

Kuhusu namba za ibara: GATT, GATS na Mkataba wa Marrakesh hutumia namba za Kirumi, na aya hutenganishwa kwa nukta mbili. Ibara ya III:4. Ibara ya XXIV:5(b). Mikataba mingine ya Kiambatisho 1A, TRIPS na DSU hutumia tarakimu za kawaida na nukta: Ibara ya 5.1 ya mkataba wa afya ya mimea na wanyama, Ibara ya 3.2 ya DSU. Ukiona "GATT Ibara ya 3.4" ujue mwandishi hajaifungua matini. Jaji aliyezoea mambo haya naye atajua.

Alama ya hati inafungua shauri lisilohusika

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kwingine kokote, na inafaa kupitia taratibu.

Alama ya hati ya WTO inasomeka kutoka kushoto kwenda kulia, kila mkwaju ukiwa na kazi. WT mwanzoni maana yake hati ya WTO kwa ujumla. G ni baraza la bidhaa, S huduma, IP haki miliki, TN mazungumzo ya duru ya Doha. DS ni mgogoro, na namba inayofuata ni namba ya shauri. R ni ripoti ya jopo. AB/R ni ripoti ya Chombo cha Rufaa. RW ni ripoti ya jopo linalokagua kama nchi iliyoshindwa imetekeleza. Corr. ni masahihisho, Add. ni nyongeza, Rev. ni toleo lililorekebishwa. L ni mfululizo wa jumla ambamo maamuzi mengi hutolewa.

Sasa chukua DS21/R. Ni ripoti ya jopo la GATT ya tarehe 3 Septemba 1991, shauri la Mexico dhidi ya Marekani kuhusu samaki jodari na pomboo. Mwanafunzi akiinakili, anaona haina WT mbele, anadhani ni kosa la uchapaji, anaongeza WT ili ifanane na nyingine. Amezaa WT/DS21, ambalo ni shauri la Marekani dhidi ya Australia kuhusu uagizaji wa samaki jamii ya samoni. Bahati mbaya yote mawili ni ya samaki, kwa hiyo hata mhariri anayepitia haraka haoni. Ripoti za enzi za GATT zina alama bila WT, na nyumba yake ya kudumu ni BISD, mkusanyo wa hati za GATT: hii iko BISD 39S/155. Ukitaja ripoti ya kabla ya 1995, weka alama kama ilivyo na uongeze BISD.

Majina mafupi nayo yanateleza. Kuna mashauri kadhaa yanayoitwa "US – Shrimp": namba 58 la mwaka 1998 ndilo maarufu, lakini lipo pia la Ecuador (335) na la Thailand (343), ambayo yanahusu mambo ya kuzuia bidhaa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Jina fupi bila namba halitoshi.

Tuangalie tanbihi moja kwa karibu. Imeandikwa hivi:

WTO, US – Shrimp, WT/DS58, 1998, p. 45.

Shirika limetajwa kama mwandishi, lakini haijulikani ni jopo au Chombo cha Rufaa kilichosema. WT/DS58 ni namba ya shauri zima, si ya ripoti, na chini yake kuna hati chungu nzima kuanzia ombi la mashauriano. Mwaka 1998 haujasema ni siku ripoti ilipotolewa au ilipopitishwa. Na ukurasa wa 45 unategemea kama ulipakua faili la Kiingereza, la Kifaransa au la Kihispania. Kwa mtindo wa Bluebook, mwongozo wa rejea wa Marekani, inapaswa iwe hivi:

Appellate Body Report, United States—Import Prohibition of Certain Shrimp and Shrimp Products, ¶ 130, WTO Doc. WT/DS58/AB/R (adopted Nov. 6, 1998).

Aya ya 130 ndiyo inayosema kwamba "maliasili" katika Ibara ya XX(g) ni dhana inayokua na wakati. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Geneva atafika pale pale, kwa lugha yoyote kati ya tatu za WTO.

Ila usije ukalazimisha aya mahali isipokuwepo. Ripoti za kwanza kabisa za Chombo cha Rufaa, za mwaka 1996, kama ile ya petroli (WT/DS2/AB/R) na ile ya vileo vya Japani (WT/DS8/AB/R, WT/DS10/AB/R, WT/DS11/AB/R), hazina aya zilizohesabiwa. Hizo hutajwa kwa ukurasa, na lazima useme ni ukurasa wa hati yenyewe au wa DSR, mkusanyo uliochapishwa wa ripoti za migogoro ya WTO, kwa sababu namba hazilingani hata kidogo. Ripoti ya vileo inaanza ukurasa wa 97 wa DSR 1996:I. Ukiandika "p. 14" bila maelezo, mwenye kitabu mkononi ataangukia ripoti ya petroli, inayoanza ukurasa wa 3.

Kituko kingine ni shauri la ndizi, WT/DS27. Jopo lilitoa ripoti nne, moja kwa kila upande wa walalamikaji: R/ECU, R/MEX, R/USA na moja ya pamoja ya Guatemala na Honduras. Ukiandika WT/DS27/R peke yake hujataja chochote.

Tarehe za tanbihi mbili hazilingani, na zote zinaonekana sahihi

Huenda zote ni sahihi. Ripoti ya petroli ilisambazwa kwa wanachama tarehe 29 Aprili 1996 na ikapitishwa tarehe 20 Mei 1996. Bluebook inataka siku ya kupitishwa. Waandishi wanaofuata OSCOLA, mwongozo wa rejea wa Oxford, mara nyingi huweka siku iliyo kwenye hati. Chagua mtindo mmoja na uandike neno linaloonyesha ni tarehe ya nini.

Kwa maazimio ya mawaziri ni vivyo hivyo. Azimio la Doha lilipitishwa 14 Novemba 2001, lakini hati WT/MIN(01)/DEC/1 ina tarehe 20 Novemba. Hoja yako ikitegemea siku, tarehe ya kupitishwa ndiyo yenye uzito.

Na usishtuke ukikuta hati moja ina alama mbili. Uamuzi wa Nairobi wa Desemba 2015 kuhusu ruzuku za mauzo ya mazao nje ni WT/MIN(15)/45 na pia WT/L/980. Taja zote mbili mara ya kwanza, basi.

Rejea iko sawa, lakini ripoti haina nguvu uliyoipa

Hii ndiyo ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu umbo la tanbihi halina kasoro. Kila nukta iko mahali pake. Kilichokosekana ni hatima ya ripoti.

Ripoti ya jopo au ya Chombo cha Rufaa inapata nguvu kati ya wahusika inapopitishwa na Chombo cha Utatuzi wa Migogoro. Katika shauri la vileo vya Japani, Chombo cha Rufaa kilisema ripoti zilizopitishwa hujenga matarajio halali ambayo majopo ya baadaye yanapaswa kuyazingatia, na kwamba ripoti ambazo hazikupitishwa hazina hadhi ya kisheria, ingawa jopo linaweza kupata mwongozo wenye manufaa kutoka kwenye hoja zake. Ile ya jodari ya 1991 haikupitishwa. Ukiitaja kama kanuni iliyokubalika bila neno "haikupitishwa", umempa mpinzani zawadi.

Kasoro ya pili ni kutaja jopo na kunyamazia rufaa. Jopo la shauri la kamba (US – Shrimp), WT/DS58/R, lilisema hatua ya Marekani iko nje kabisa ya aya ya utangulizi ya Ibara ya XX. Chombo cha Rufaa kikaipindua njia hiyo ya kuchambua, kikapitia upya, na kikafikia matokeo kwa sababu nyingine. Anayenukuu jopo hapo lazima aongeze maneno ya kuonyesha kwamba ripoti ilipitishwa kama ilivyorekebishwa na WT/DS58/AB/R. Kabla hujanukuu jopo lolote, fungua ukurasa wa shauri hilo uangalie kama kuna AB/R. Kazi ya dakika mbili.

Kasoro ya tatu ni ya miaka hii. Chombo cha Rufaa kilikosa akidi Desemba 2019 baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa wajumbe wapya, na mjumbe wa mwisho alimaliza muda wake Novemba 2020. Tangu hapo nchi iliyoshindwa mbele ya jopo inaweza kukata rufaa ambayo hakuna wa kuisikiliza, na ripoti inabaki imening'inia. Mfano ni ripoti ya jopo kuhusu ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China, WT/DS543/R, iliyosambazwa 15 Septemba 2020 na kukatiwa rufaa mwezi uliofuata, na ile ya chuma na aluminiamu, WT/DS544/R, iliyosambazwa Desemba 2022 na kukatiwa rufaa Januari 2023. Kwa ripoti kama hizi usiandike "ilipitishwa". Andika tarehe ya kusambazwa, kisha useme imekatiwa rufaa. Mtindo unaotumia haukuandaliwa kwa hali hii, kwa hiyo itabidi uongeze maneno yako mwenyewe kwenye mabano. Afadhali tanbihi iwe ndefu kuliko kupotosha.

Baadhi ya wanachama walitengeneza njia ya muda ya usuluhishi chini ya Ibara ya 25 ya DSU, inayojulikana kama MPIA. Hati yake ni JOB/DSB/1/Add.12 ya 30 Aprili 2020. Herufi JOB hutumika kwa hati za kazi, kwa hiyo usiite hii uamuzi wa WTO. Ni mpangilio kati ya wanachama waliojiunga nao tu, na anayeitaja dhidi ya nchi isiyojiunga amepotea njia.

Kiwango cha ushuru ulichotaja sicho anachokiona ofisa wa forodha

Umeandika kwamba samani kutoka nje ya Jumuiya zinatozwa 25% kwa Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha. Ofisa ametoza 35%. Unadhani amekosea.

Angalia mwaka. Toleo la 2017 lilikuwa na ngazi tatu za kawaida, yaani 0, 10 na 25, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Toleo la 2022, lililoanza kutumika 1 Julai 2022, liliongeza ngazi ya nne ya 35%, na samani ni miongoni mwa bidhaa zilizopandishwa. Toleo hilo linafuata pia mpangilio wa Mfumo Uwianifu wa bidhaa (HS) wa 2022, kwa hiyo namba ya bidhaa unayoikumbuka kutoka toleo la zamani inaweza kuwa imegawanywa au kuhamishwa. Taja kiwango pamoja na toleo, namba ya HS na mwaka wa HS. Ukiacha kimojawapo, rejea yako inaweza kusomeka kwa njia mbili.

Hapo hujamaliza. Baraza la Mawaziri huruhusu nchi moja moja kusitisha kwa muda kiwango cha pamoja na kutoza kingine, na ruhusa hizo hutoka kila mwaka kwenye Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwishoni mwa Juni, sambamba na bajeti. Mchele ni mfano unaofahamika: kiwango cha jedwali ni 75% au kiasi maalumu kwa tani, kipi kikubwa, lakini Kenya kwa miaka mingi imetoza 35% kwa ruhusa ya namna hiyo. Anayetaja jedwali peke yake kwa mzigo uliotua Mombasa amesema ukweli usiomsaidia mteja. Rejea kamili inabeba vitu viwili: jedwali, na tangazo la kisheria kwenye Gazeti pamoja na namba na tarehe yake.

Tofautisha pia ngazi za sheria zenyewe. Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini 2 Machi 2004 na kuanza kutumika 1 Januari 2005. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 ni sheria iliyotungwa na Bunge la Jumuiya. Mkataba na Itifaki zina ibara, Sheria ina vifungu. Msingi wa ushuru wa pamoja ni Ibara ya 12 ya Itifaki. Ukadiriaji wa thamani ya bidhaa uko kwenye kifungu cha 122 cha Sheria na Jedwali lake la Nne. "Ibara ya 122 ya Itifaki" haipo, lakini nimeiona kwenye hoja za maandishi za watu wazima.

Mkataba wa 1999 umefanyiwa marekebisho Desemba 2006 na Agosti 2007, na nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu za mawakili ni za kabla ya hapo. Kipimo cha haraka: fungua Ibara ya 30. Kama haina ukomo wa miezi miwili wa kufungua shauri, unasoma nakala ya zamani, na kama unapanga kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa nakala hiyo, funga breki. Marekebisho hayo hayo ndiyo yaliyoigawa Mahakama kuwa Divisheni ya Awali na Divisheni ya Rufaa, kwa hiyo rejea ya hukumu itaje divisheni. Shauri la kodi ya sigara kutoka Kenya, kwa mfano: British American Tobacco (U) Ltd dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, Reference No. 7 of 2017, Divisheni ya Awali, 26 Machi 2019.

"Ibara ya 4 ya AfCFTA" inaleta majibu matatu

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, uliotiwa saini Kigali 21 Machi 2018 na kuanza kutumika 30 Mei 2019 (58 ILM 1028), una ibara zake. Kila itifaki ina ibara zake, zikianza tena moja. Ibara ya 4 ya Mkataba ni malengo mahususi. Ibara ya 4 ya Itifaki ya Biashara ya Bidhaa ni upendeleo sawa kwa nchi zote, na ile ya huduma ina Ibara yake ya 4. Anza na jina la itifaki, kisha ibara. Kwa kanuni za uasili wa bidhaa taja na kiambatisho.

Mkataba una saini zote, mbona hautumiki?

Kwa sababu saini siyo kuridhia, na kuridhia siyo kuanza kutumika. Weka tarehe zote zinazohusika, na kama haujaanza, sema haujaanza.

Mfano unaowasumbua wengi ni mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini ule wa Jumuiya nzima. Nchi nyingine hazikufuata, na mkataba huo haukuanza kutumika. Baadaye Kenya ikasaini wa kwake na Umoja wa Ulaya Nairobi, 18 Desemba 2023, ukaanza 1 Julai 2024. Matini zinafanana kiasi kwamba ukinakili ibara kutoka ile ya 2016 hutagundua. Ukienda kutafuta rejea ya Gazeti Rasmi la Umoja wa Ulaya, usihangaike na ukurasa: tangu 1 Oktoba 2023 kila hati huchapishwa peke yake kwa mwaka na namba, bila kurasa zinazoendelea.

Kwa mkataba wowote ule, angalia pia mhusika ni nani. Anayedai haki za Jumuiya dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo atataja na mkataba wa kujiunga wa 8 Aprili 2022, maana saini za 1999 zilikuwa tatu tu: Kenya, Uganda na Tanzania.

AGOA haimo kabisa kwenye kundi hili. Ni sheria ya Bunge la Marekani inayofungulia bidhaa za Afrika soko la huko bila ushuru, Pub. L. No. 106-200, 114 Stat. 251 (2000), na muda wake umekuwa ukiongezwa kwa sheria nyingine. Hakuna nchi ya Afrika iliyoisaini. Ukiiweka chini ya kichwa "Mikataba" kwenye orodha ya mamlaka zako, umedai haki ambayo mteja hana. Incoterms vilevile: ni kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara kuhusu masharti ya kukabidhi bidhaa, toleo la sasa ni la 2020, na zinamfunga mtu kwa sababu ziko kwenye mkataba wake wa mauzo. Taja mwaka wa toleo.

Hoja iko kwa Kiswahili, mkataba uko kwa Kiingereza

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Swali likawa jinsi ya kunukuu GATT. Mikataba ya WTO ina matini halali tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Tafsiri yako haimo. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba (1155 UNTS 331) inaitambua lugha ambayo mkataba wenyewe au wahusika wamekubali. Basi andika hoja kwa Kiswahili, tafsiri ibara ndani ya aya, na kwenye tanbihi weka maneno ya asili ya Kiingereza pamoja na maelezo kwamba tafsiri ni yako. Jina la hati kwenye rejea liache kama lilivyosajiliwa. Ukilitafsiri, hakuna mfumo wa kutafutia hati utakaolitambua.

Kiungo kimekufa, au hati haipo popote

Viungo vya mfumo wa hati za WTO hutengenezwa na utafutaji wenyewe na mara nyingi havirudi tena. Alama ya hati ndiyo rejea, kiungo ni msaada tu. Kama hata alama haileti kitu, hakikisha hujaweka nafasi katikati, hujaandika O badala ya sifuri, na hati siyo miongoni mwa zilizozuiwa.

Ukishapitia hayo yote na bado haionekani, uliza ilitoka wapi. Programu za kuandika kwa akili unde huzaa rejea za biashara zenye sura nzuri ajabu: alama ya umbo sahihi, jina linaloaminika, aya yenye nukta kama za majopo. Anza na namba ya shauri. Halafu linganisha umbo la aya na aina ya ripoti: majopo huhesabu kwa sura na aya, kama 7.182, wakati Chombo cha Rufaa kwa miaka mingi kilihesabu mfululizo, 1, 2, 3. Rejea inayosema WT/DS58/AB/R aya ya 7.44 haihitaji kutafutwa zaidi, ifute.